Kituo cha ukaguzi cha Bethlehemu: mwangalizi wa kujitolea anafanya nini hasa?

*"Mimi ni mwalimu wa sekondari mkoani Iringa, nina miaka 38. Mwaka 2022 nilikwenda hija Yerusalemu na Bethlehemu na kundi la kanisa letu. Ukutani tulipita kwa basi, askari akapanda, akatuangalia, akashuka, tukaendelea. Baadaye nikasikia kuna watu wa kujitolea wanaokaa Palestina miezi mitatu na kusimama alfajiri kwenye vituo vya kijeshi wakiangalia Wapalestina wanavyopita. Nimevutiwa, ila mume wangu anasema ni kujitafutia balaa, na mchungaji anaogopa tutaonekana tunaingilia mambo yasiyotuhusu. Watu hao wanafanya nini hasa? Wanaweza kumzuia askari asimpige mtu? Inasaidia kitu, au ni kusimama tu na kuandika? Na mtu kama mimi anaweza kwenda?"*

Dada yangu, ahsante kwa swali lililonyooka. Naona unaogopa mambo mawili: kuacha familia na kwenda mbali halafu ukute kazi yenyewe ni kusimama bure, au kwenda na kuwa mzigo kwa watu uliotaka kuwafaa. Hofu zote mbili zina msingi. Sitakuficha: kazi ni kusimama, kuhesabu, kuuliza kwa adabu, kupiga simu na kuandika. Ikifanywa kwa usahihi, na watu wanaopokezana bila kukatika, inaacha kumbukumbu ambayo fundi anayekimbilia kazini saa kumi alfajiri hana muda wa kuiandika.

Nianze na basi lenu. Kituo kilicho kati ya Bethlehemu na Yerusalemu, karibu na kaburi la Raheli, wengi hukiita Kituo 300. Mahujaji hupita upande wa magari. Mpalestina wa Bethlehemu mwenye kibali hupita kwa miguu, upande mwingine kabisa: kwanza njia ndefu nyembamba iliyozungushiwa vyuma kandokando ya ukuta, kisha lango la vyuma linalozunguka na kuingiza mtu mmoja mmoja, kisha ukumbi wa ukaguzi. Humo anavua mkanda, anapitisha mfuko kwenye mashine ya eksirei, anapita kwenye kigunduzi cha vyuma, halafu anaonyesha kadi yake. Mwaka 2019 hatua hiyo ya mwisho iliwekewa milango ya kielektroniki inayosoma kadi na sura ya mtu. Kabla ya hapo ilikuwa ni dirishani, alama za mkono zinasomwa huku askari akiangalia kompyuta. Ukiwa kwenye basi la utalii huoni hata kimoja kati ya hivyo, kwa hiyo usijilaumu kwamba uliondoka bila kuelewa.

Sasa kuna dhana moja inayopotosha wengi. Watu huchukulia kwamba hicho ni kituo cha mpakani, kwamba kila nchi ina haki ya kukagua wanaoingia kwake, na kwamba mjadala umeishia hapo. Kituo 300, pamoja na kile kikubwa cha Qalandiya kati ya Ramallah na Yerusalemu, vimo ndani ya Ukingo wa Magharibi, eneo linalokaliwa na Israeli tangu vita vya Juni 1967. Ukuta ulioanza kujengwa 2002 umepangwa kufika kama kilomita 712, na takriban asilimia 85 ya njia yake inapita ndani ya Ukingo wa Magharibi badala ya kufuata mstari wa kusitisha mapigano wa mwaka 1949. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilitoa maoni ya ushauri Julai 2004 kwamba kuujenga humo ni kinyume cha sheria ya kimataifa. Na vituo vingine vingi havihusiani kabisa na kuingia Israeli. Vimewekwa kati ya kijiji cha Wapalestina na mji wa Wapalestina. Mtu wa Bethlehemu anayekwenda Ramallah, mji ulio umbali wa kilomita ishirini na kitu tu kwa mstari ulionyooka, hawezi kukatiza Yerusalemu bila kibali. Anazunguka mashariki kwa barabara ya Wadi al-Nar na kupita kituo kinachoitwa Container. Kituo hicho kikifungwa, kusini kote kunakuwa kumekatwa na kaskazini.

Israeli inasema vituo na ukuta viliwekwa kuzuia mashambulizi, na ni kweli kwamba wakati wa Intifada (uasi wa Wapalestina) ya pili, iliyoanza mwaka 2000, mabomu ya kujitoa mhanga yaliua mamia ya raia wake. Mwangalizi analijua hilo na halifichi. Askari aliye mbele yake mara nyingi ni kijana wa miaka 19 au 20 aliyeko kwenye jeshi la lazima, na amekua na kumbukumbu hiyo nyumbani kwao. Kulijua kunamsaidia mwangalizi kuzungumza naye kama binadamu. Hakufuti kile ambacho mfumo huo unawafanyia watu upande wa pili wa vyuma.

Kinachowaumiza zaidi, kwa maoni yangu, ni kutotabirika kwa foleni kuliko urefu wake. Chukua fundi ujenzi anayetakiwa kuwa kazini saa moja asubuhi. Kama angejua kwamba kupita kunachukua dakika hamsini kila siku, angejipanga. Lakini leo ni dakika kumi na tano, kesho saa moja na nusu, keshokutwa kibali chake kimefutwa na hakuna aliyemwambia: anaarifiwa palepale kwamba amezuiwa kwa sababu za usalama ambazo hatajiwi. Kwa hiyo kila siku anatoka nyumbani kana kwamba ndiyo siku mbaya kuliko zote. Ndiyo maana, kazi ilipokuwa imechanganya, watu walikuwa wakijipanga tangu saa nane au tisa usiku, wengine wakilala juu ya maboksi kando ya njia. Jumapili ndiyo ilikuwa mbaya zaidi, kwa kuwa ndiyo siku ya kwanza ya wiki ya kazi Israeli. Msongamano wenyewe una sababu zake za kawaida: vituo vya kukagulia vilivyofunguliwa ni vichache, mashine imekwama, au ukumbi umejaa na lango linalozunguka limefungwa kutoka ndani. Lango likifungwa, walio mbele hawana pa kwenda na walio nyuma hawajui, wanaendelea kusukuma. Hapo ndipo vifua vinabanwa kwenye vyuma na vijana wanapanda juu ya kingo kupita vichwani mwa wenzao. Mzee au mgonjwa aliyenaswa katikati hawezi hata kurudi nyuma.

Hali ya sasa, lakini, imebadilika. Kabla ya Oktoba 2023 Wapalestina zaidi ya 100,000 wa Ukingo wa Magharibi walikuwa na vibali vya kazi Israeli au kwenye makazi ya walowezi. Baada ya shambulio la Hamas la 7 Oktoba na vita vya Gaza vilivyofuata, sehemu kubwa ya vibali hivyo ilisimamishwa. Foleni kubwa ya alfajiri ikapungua kwa sababu watu walikosa kazi, jambo ambalo si nafuu hata kidogo. Vizuizi vya ndani vikaongezeka: OCHA, ofisi ya Umoja wa Mataifa ya kuratibu misaada ya kibinadamu, ilihesabu vizuizi 645 katika Ukingo wa Magharibi mwanzoni mwa 2023, na 849 mwanzoni mwa 2025. Vingi kati ya vipya ni mageti ya chuma kwenye njia za kuingilia vijiji, ambayo hufungwa bila taarifa. Kwa hiyo waangalizi wengi sasa wanatumia muda mwingi barabarani, shuleni, kwenye mashamba ya zeituni na kwa wafugaji kuliko pale Kituo 300. Ukienda ukitarajia picha ulizoziona mtandaoni za maelfu ya watu kwenye vyuma, unaweza kukuta kazi yako ni kukaa kando ya geti tupu, ukiandika saa lilipofungwa na saa lilipofunguliwa.

Sasa kazi yenyewe. Waangalizi hufanya kazi wawili wawili au zaidi, kamwe si mmoja. Kwenye kituo cha watembea kwa miguu, mmoja anakaa mkiani mwa foleni na mwingine pale watu wanapotokea, saa zao zikiwa zimelinganishwa hadi dakika. Anayekaa mwisho anashika kihesabio kidogo cha mkononi, kile unachobonyeza kila mtu akipita, na kila baada ya dakika 30 anaandika jumla na kuanza upya sifuri. Kupima muda wa kupita kunahitaji ujanja kidogo. Usimuulize mtu "umekaa muda gani?", maana mtu aliyebanwa na mwenye hasira atakuambia saa mbili hata kama ni moja, na hakudanganyi, ndivyo alivyouhisi. Chagua mtu mwenye alama inayoonekana, kofia nyekundu au ndoo ya rangi, andika dakika aliyojiunga na foleni, mtumie mwenzako ujumbe, naye aandike dakika aliyotokea. Fanya hivyo kwa watu watatu au wanne kila nusu saa, na usimchague yule anayepanda juu ya vyuma, kwa sababu atakuharibia wastani.

Ukurasa mzuri wa daftari unasomeka hivi (tarakimu ni za mfano tu): "04:30–05:00. Waliopita: 540. Vituo vya kukagulia vilivyo wazi: 4. Lango limefungwa 04:41–04:52. Muda wa kupita, watu watatu: dakika 38, 44, 51. Waliorudishwa: 3, wawili walisema kibali kimefutwa, mmoja hakutaka kusema. Njia ya kibinadamu imefunguliwa 04:57." Ona kwamba hakuna "askari wakatili" wala "watu wanateseka". Kinachomsogeza msomaji ofisini ni zile dakika 11 za lango lililofungwa. Na uone saa zilivyoandikwa. Sisi tunaohesabu saa kuanzia macheo tunakosea hapa kirahisi: ukiandika "saa kumi" kwenye taarifa ya Kiingereza, utakuwa umehamisha tukio la alfajiri kulipeleka asubuhi. Tumia mtindo wa saa 24 tangu siku ya kwanza ya mafunzo.

Katika kila mstari tenganisha ulichoona, ulichoambiwa na unachodhani. Usiandike jina la mtu bila ridhaa yake, wala namba ya kitambulisho chake. Usipige picha ndani ya kituo, na nje usipige sura ya mtu hata kama mwanga ni mzuri. Mfanyakazi ambaye sura yake imesambaa akilalamika ndiye anayeweza kupoteza kibali, nawe utakuwa umesharudi Iringa.

Kuna ile njia ya kibinadamu niliyoitaja. Ni lango la pembeni lililokusudiwa wanawake, wazee, wagonjwa na watoto, ili wasipite kwenye msukumano. Tatizo ni kwamba linategemea mtu wa kulifungua. Hapa mwangalizi ana kazi ya vitendo: likiwa limefungwa wakati watu wake wapo, anapiga simu ya jeshi ya masuala ya kibinadamu, anataja kituo, saa, idadi ya wanaongoja na hali zao ("wanawake kumi na wawili, mmoja ana rufaa ya hospitali ya saa mbili asubuhi"), anaandika saa aliyopiga na jibu alilopewa, anapiga tena baada ya dakika kumi au kumi na tano. Wakati mwingine linafunguliwa. Wakati mwingine anaambiwa "tunashughulikia" na hakuna kinachotokea. Yote mawili yanaandikwa. Wagonjwa wanaosafirishwa kwa gari wana taabu yao: mara nyingi ambulensi ya Hilali Nyekundu ya Palestina hairuhusiwi kuendelea hadi Yerusalemu, kwa hiyo mgonjwa huhamishwa kituoni, machela kwa machela, kuingizwa kwenye ambulensi yenye namba za Israeli. Dakika za kusubiri ambulensi ya pili zinafaa kuandikwa kuliko karibu kitu kingine chochote.

Umeuliza kama mwangalizi anaweza kumzuia askari asimpige mtu. Hapana, na asijaribu kwa mwili wake. Kazi hii inafanana na ya mwangalizi wa uchaguzi kwenye kituo cha kura: haki ya kugusa sanduku hana, ila kila mmoja chumbani anajua kwamba yupo na anaandika. Likitokea la kupigwa, baki mahali unapoonekana, usiingie katikati, usipige kelele, usimguse askari wala silaha yake. Andika saa, mahali, idadi ya askari, kilichofanyika kwa mpangilio. Mpigie mratibu wako. Likishatulia, muulize aliyeumizwa kama anataka liandikwe na kama anataka kuunganishwa na mtu. Usimpe ushauri wa kisheria na usimwahidi lolote. Kuna wanaolifanya hilo kwa ujuzi: HaMoked, iliyoanzishwa 1988, inashughulikia vibali na waliokamatwa, B'Tselem, ya 1989, inaandika ukiukwaji wa haki, Madaktari wa Haki za Binadamu wa Israeli wanafuatilia vibali vya wagonjwa. Yote matatu ni mashirika ya Kiisraeli, na mchungaji wako akilijua hilo huenda hofu yake ya kuonekana mnashambulia taifa zima ikapungua.

Je, inasaidia? Askari wengi hujizuia zaidi wanapoangaliwa, ila si wote, na si kila siku. Takwimu za waangalizi zimekuwa zikipelekwa kwa OCHA, na zile za watoto na walimu wanaocheleweshwa njiani kwenda shule zikipelekwa UNICEF. Wapo pia wanaokosoa, na hoja yao ni nzito. Wanawake wa Kiisraeli wa Machsom Watch, walioanza kusimama vituoni mwaka 2001, wamejadiliana kwa miaka kama kuwepo kwao, na kuhangaika kwao lango lifunguliwe mapema, hakuufanyi mfumo uonekane wa kiungwana bila kuuondoa. Baadhi ya Wapalestina watakuambia hivyohivyo usoni: "Mnahesabu, halafu?" Usijitetee. Wana haki ya kuuliza. Na uwezo wa kuangalia unaweza kuondolewa wakati wowote. Ujumbe rasmi wa kimataifa mjini Hebroni, ulioundwa baada ya mauaji ya Msikiti wa Ibrahimi ya Februari 1994, ulifikia kikomo mwanzoni mwa 2019 Israeli ilipokataa kuurefusha. Wakati huohuo mpango wa waangalizi wa makanisa, ule uliousikia, ukawaondoa watu wake mjini humo kwa sababu ya kusumbuliwa.

Ule uliosikia wa miezi mitatu bila shaka ni Mpango wa Kiekumene wa Kusindikiza Palestina na Israeli wa Baraza la Makanisa Ulimwenguni, ulioanza 2002 kwa ombi la viongozi wa makanisa ya Yerusalemu. Huingii kwa kujisajili mwenyewe uwanjani. Unapitia mratibu wa nchi au kanisa linalotuma watu, unahojiwa, unafundishwa. Timu ya Community Peacemaker Teams, shirika la amani lenye mizizi ya Kikristo, ipo Hebroni tangu 1995, na kwa watoto wanaovuka vituo vya mji wa kale kwenda shule ina uzoefu mkubwa. Machsom Watch ni ya wanawake wa Israeli, kwa hiyo haikuhusu, ila taarifa zao ni shule nzuri ya uandishi. Kuna pia makundi ya vitendo vya moja kwa moja kama International Solidarity Movement, na hapa lazima niseme wazi kuhusu wawili wa kujitolea nalo: Rachel Corrie aliuawa na tingatinga la jeshi huko Rafah, Gaza, Machi 2003, na Ayşenur Ezgi Eygi alipigwa risasi na kufa Beita, Ukingo wa Magharibi, Septemba 2024. Hawakuwa kwenye zamu ya kuhesabu watu kituoni. Mmoja alikuwa akizuia ubomoaji wa nyumba, mwingine alikuwa amehudhuria maandamano. Mumeo ana haki ya kujua tofauti hiyo, na wewe una haki ya kumwambia kwamba hakuna anayeweza kukuhakikishia usalama kamili.

Kizuizi chako kikubwa zaidi kinaweza kuwa uwanja wa ndege. Tangu sheria ya Machi 2017 Israeli inaweza kumkatalia kuingia anayetangaza hadharani kuisusia, na wapo waliorudishwa kutoka uwanjani. Kwa mambo ya viza na ya nini cha kusema ukihojiwa, usitegemee ushauri wa mtu wa WhatsApp wala wangu: kaa ana kwa ana na mratibu na, ikiwezekana, wakili anayejua uhamiaji. Usidanganye afisa, maana uongo ukijulikana unakufungia safari na kuwaharibia watakaofuata. Ukiruhusiwa, jiandikishe kwenye ubalozi wetu Tel Aviv, uliofunguliwa 2018.

Muone daktari pia kabla ya kutia sahihi. Bethlehemu iko juu, zaidi ya mita 700, na Januari alfajiri baridi inakaribia kuganda. Utasimama saa tatu au nne bila choo cha karibu. Presha, kisukari, magoti mabovu, yote yazungumzwe. Kama umewahi kupitia ukatili, vita au msiba ambao bado unakukosesha usingizi, zungumza kwanza na mshauri nasaha, kwa sababu kelele za lango na watu wanaobanwa zinaamsha mambo. Na ukirudi, ukijikuta mwezi mzima hulali, unakasirikia watoto au hutaki kuona watu, rudi kwa mshauri huyohuyo. Usisubiri ipite yenyewe.

Kuanza, nenda makao makuu ya dayosisi yenu na uulize kama kanisa lina uhusiano na mpango huo, au kama kuna njia ya kupitia nchi jirani. Muulize mratibu nani analipa nauli na bima, nani atakutoa usiku wa manane hali ikichafuka, mafunzo yana siku ngapi, na watu wa kijiji au mtaa utakaopangiwa waliombwa lini kama wanawataka waangalizi. Asipokuwa na jibu la hilo la mwisho, ahirisha. Jibu likiwa kwamba mwaka huu hawachukui mtu kutoka kwetu, mwombe mchungaji kwamba kundi lenu lijalo la hija, pakiwa na utulivu, lishuke kwenye basi kwa nusu siku Bethlehemu na kukaa na waumini wa huko, ambao wao wenyewe huomba kibali ili kusali Pasaka Yerusalemu. Wapigieni kwanza kuuliza siku gani inawafaa.